Futi Isiyo na Mguu

Katika maneno ambayo Kiingereza kimeyaacha vinywani mwa wakazi wa nchi zinazouzunguka Mlima Kenya upande wa kaskazini na mashariki, tangu Timau na Maua hadi Nkubu, Chuka, Runyenjes na Embu mjini, sidhani kama liko lililo jepesi kutamkwa na zito kwa matokeo yake kama neno futi, kwa kuwa kwa neno hilo mashamba yaliyorithiwa vizazi na vizazi hukatwa vipande, vipande hutajiwa bei, bei hulipwa kwa akiba ya miaka mingi ya chai, kahawa, miraa na mishahara ya ualimu, na mnunuzi huenda zake akiamini kwamba aijua kadiri ya alichonunua, ilhali ukimwuliza futi moja ni nini atakuonyesha viganja vyake viwili vilivyoachana hewani, na muuzaji naye ukimwuliza atakuonyesha vyake kwa upana mwingine. Naamini kwamba mengi ya magomvi ya viwanja katika nchi hizi hayazaliwi na hadaa ya mtu, bali huzaliwa na kipimo ambacho pande mbili zilikitaja kwa jina moja na kukielewa kwa maana mbili, na kwa hiyo nataka kulichungua neno lenyewe kwanza, kisha niseme ninalotaka lifanywe.

Asili yake ni kiungo cha mwili. Mwingereza asemapo “foot” akusudia ile sehemu iliyo chini ya kifundo, kuanzia kisigino hadi ncha za vidole, nayo kwake si kitu kimoja na mguu wa juu yake, ambao ana jina jingine la kuuitia. Sisi tuna mguu kwa yote mawili, na tutakapo kubainisha twasema wayo, au muundi, au paja, wala hatukupungukiwa na kitu. Mkono nao ni vivyo hivyo, na wataalamu waliolinganisha lugha 617 za dunia walikuta 228 kati yake zikitumia neno moja kwa kiganja na kwa mkono mzima, kama itumiavyo yetu. Lakini kiungo hicho cha chini Waingereza wamekitumikisha sana katika usemi wao: sehemu ya chini ya mlima, ya kitanda na ya ukurasa zote zina jina lake, askari wasiopanda farasi huitwa kwa jina lake, hata ushairi wao hupimwa kwalo, kila fungu la silabi zenye mkazo na zisizo na mkazo likihesabiwa kuwa mguu mmoja, ambapo malenga wa Lamu na Mombasa walichagua mizani. Maelezo yaandikwayo chini ya ukurasa wao wameyaita kwa mahali yakaapo, na sisi tumeyaita tanbihi, kwa kazi yake ya kumzindua msomaji. Ugonjwa mmoja wa mifugo tuliutafsiri “ugonjwa wa miguu na midomo”, ijapokuwa vidonda vyake vya miguuni hutokea kwenye kwato na baina ya kwato, na mfugaji wa Timau au wa Kiritiri aliyeambiwa atazame miguu ya ng’ombe wake aweza kuikagua yote minne asiinue hata ukwato mmoja.

Ukiuacha mpira, ambao vijana huuita futiboli, katika maana hizo zote ni ile ya kipimo iliyovuka bahari na kukaa kwetu kwa sauti yake yenyewe. Tulilichukua jina la kipimo, na kiungo tukakiacha kwao. Mtoto wa Kiingereza asikiapo kwamba ukuta una urefu wa futi kumi, sikio lake linasikia miguu kumi, na japo hatafakari, iko kumbukumbu ndani ya neno kwamba kipimo hiki kilitoka mwilini mwa binadamu. Mtoto wa Imenti au wa Mbeere asikia sauti tupu, na sauti tupu haimpi jicho kitu cha kushika.

Si kwamba watu wa Afrika Mashariki hawakuwa na vipimo vya mwili kabla ya hapo. Pwani, tangu zama za majahazi, kitambaa kilipimwa kwa shibiri, ambayo ni kiganja kilichokunjuliwa kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri mbili zikafanya mkono mmoja, ambao wengine waliuita dhiraa. Mikono miwili ikafanya wari. Mikono minne ikafanya pima, nayo ni urefu wa mikono iliyonyooshwa kulia na kushoto. Tena wafanyabiashara waliutenga mkono kamili, uanzao kiwikoni ukaishia ncha ya kidole cha kati, na mkono konde, ukomao penye ngumi iliyofumbwa. Hapo ndipo ilipo hekima ninayoihusudu, kwani kwa vile kipimo kilikuwa mwilini, na miili yaonekana waziwazi kwamba hailingani, muuzaji mwenye mkono mfupi na mnunuzi mwenye mkono mrefu walijua tangu mwanzo kwamba sharti wakubaliane ni mkono upi na ni wa nani, kabla kitambaa hakijakunjuliwa.

Ulaya nako hali ilikuwa hiyo kwa karne nyingi. Futi ya wafalme wa Ufaransa ilikuwa sentimita 32.5 hivi, ya Prussia 31.4, ya Amsterdam 28.3, na tajiri aliyevuka mpaka ilimpasa aulize aingiako wanatumia mguu wa nani. Wafaransa walichoshwa na mkanganyo huo, na katika mapinduzi yao, miaka ya 1790, wakaunda mita, wakikusudia iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini ya dunia hadi ikweta, ili kipimo kisiwe mali ya mfalme yeyote. Na ikweta hiyo, kwa taarifa ya msomaji asiyepita mara kwa mara huko, huikata barabara baina ya Meru mjini na Nkubu, hata naweza kusema kwamba mita ina mwisho wake mmoja mlangoni petu. Mwaka 1959 Uingereza, Marekani na nchi nyingine zilizokuwa zikitumia futi zilipatana kwamba yadi ni mita 0.9144 kamili, ikawa futi ni sentimita 30.48, haizidi wala haipungui. Kwa hiyo futi ya leo haina mguu tena hata huko kwao. Imefafanuliwa kwa mita, nayo yaishi kwa kuitegemea.

Kwetu ilikuja na dola. Waingereza walipojenga boma lao Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, walikuta ardhi ikijulikana kwa koo, mwiriga kwa Wameru na muviriga kwa Wambeere, na mipaka ikitajwa kwa mito, matuta, mitaro, miti iliyopandwa na ushahidi wa wazee, na sikumbuki kusikia kwamba mzee yeyote wa zama hizo aliulizwa shamba lake lina ukubwa gani, maana swali lililokuwa na maana ni shamba liliishia wapi na jirani alikuwa nani. Kisha ukaja mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ulioitwa wa Swynnerton, wa mwaka 1954, na kukusanywa kwa mashamba, na uandikishaji, na baadaye Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ya mwaka 1968, kazi ambayo katika Mbeere ilifufua kesi nyingi baina ya koo na koo, na katika sehemu za Igembe na Tigania ikaburura miongo mingi. Wapimaji walikuja na mnyororo wa Kiingereza wenye futi 66, ambao miraba yake kumi hufanya ekari moja. Gridi ya kale ya ramani za Kenya yenyewe ilihesabiwa kwa futi. Na wenye mashamba waliambiwa wapande ua mipakani ili uonekane katika picha zilizopigwa kutoka angani, nazo picha hizo zikakuzwa na kuchorwa kuwa ramani. Baada ya Uhuru serikali ikaingia katika mita, na hati za ardhi zikaandikwa kwa hekta. Hivyo ndivyo ilivyotukia kwamba baba alijifunza shuleni kwa futi, mwana kwa mita, hati ya shamba ikasema hekta, na soko likabaki katika ekari na futi mpaka leo.

Sasa tuutazame mfano ambao kila msomaji wa nchi hizi amewahi kuukuta kwenye kibao kando ya barabara: ploti ya hamsini kwa mia. Dalali atasema kwa nafsi iliyotulia kwamba hiyo ndiyo thumni ya ekari, na mnunuzi atarudia hivyohivyo kwa mkewe. Lakini ekari ina futi za mraba 43,560, na thumni yake ni 5,445. Hamsini mara mia ni 5,000. Tayari zimepungua 445. Tena mpimaji aingiapo shambani na chombo chake cha mita, hamsini kwa mia aghalabu huwa mita 15 kwa 30, yaani mita za mraba 450, ambazo katika hati zitaandikwa hekta 0.045, na thumni ya kweli ya ekari ingalikuwa mita za mraba 506 kasoro kidogo. Tofauti ya mwanzo na mwisho ni mita za mraba 56, mahali pa kujenga nyumba yenye upana wa mita saba na urefu wa mita nane. Nyumba nzima imepotea baina ya maneno mawili yaliyodhaniwa kuwa neno moja, na hakuna aliyeiba.

Na wala kupungua huko si jambo la kiholela, kwani lina sababu yake ambayo ingefaa isemwe hadharani. Mwenye ekari moja akitaka kuuza ploti nane, lazima aache njia. Ekari iliyo mraba kamili ina ubavu wa mita 63.6; njia yenye upana wa mita saba, ikiipasua kutoka upande mmoja hadi wa pili, hula mita za mraba 445 hivi; na ukizitoa hizo katika ekari, kila moja ya ploti nane itabakiwa na mita za mraba 450 tu. Lau ploti zingebaki futi hamsini kwa mia kamili, hata njia ya mita sita isingalienea. Basi thumni ya ekari na njia ya kuifikia haviwezi kukaa pamoja katika ekari moja, na amwahidiye mtu vyote viwili amemwahidi kisichokuwapo, hata ikiwa hakukusudia kudhulumu.

Liko na jambo la mteremko, ambalo watu wa tambarare hawana haja nalo na sisi tunalo kila siku. Mashamba ya Imenti, ya Chuka na ya Manyatta kwa wingi yametandikwa kama vitambaa vyembamba kutoka juu ya tuta hadi mtoni. Mnunuzi akishusha futikamba yake kuufuata udongo, akahesabu futi mia, amepima urefu wa mteremko; lakini ramani na hati hupima umbali uliolala, kana kwamba ardhi ingesawazishwa. Katika mteremko wa digrii 20, futi mia za udongoni ni futi 94 za ramani. Watu wawili waaminifu, mmoja akishika kamba na mwingine akishika karatasi, watabishana mpaka jua litue, kila mmoja akiwa amesema kweli.

Na penye uhaba wa kamba, watu hurudi kwenye mwili. Imeenea katika Kenya kauli kwamba ekari ni hatua sabini kwa sabini, na kauli hiyo si ya uongo, kwa kuwa yadi sabini mara sabini ni 4,900, na ekari ni yadi za mraba 4,840. Aliyeianzisha alikuwa na maarifa. Lakini hatua ya mtu mrefu aliyekaza mwendo ni mita moja, na kwa hatua hiyo shamba litazidi ekari kwa zaidi ya sehemu moja katika tano. Hatua ya mtu mfupi, au ya mama aliyebeba mtoto, ni sentimita 75, na kwa hatua hiyo shamba litapungua karibu thuluthi. Kibarua apewaye kazi ya kulima kwa kupimiwa hatua na tajiri wake anayajua haya kwa jasho lake. Hata hivyo hatua ina insafu moja ambayo futi haina: kila mtu huiona ni hatua ya nani. Waweza kusema, ngoja, hebu nitembee na mimi. Futi isiyo na mguu haikupi nafasi hiyo. Hufika sokoni ikiwa na sura ya elimu, na mtu mnyenyekevu huona haya kuuliza.

Sitaki ifahamike kwamba naitakia futi mauti kila mahali. Kwenye maduka ya mbao ya Meru, ambako zamani sifa ilikuwa ya muuru, mti wa asili ya mlima huu ambao Waingereza waliuita mwaloni wa Meru na wataalamu huuita Vitex keniensis, mbao huuzwa kwa futi, na ya mbili kwa nne hujulikana na kila fundi. Mawe ya kujengea nayo huuzwa kwa futi. Hakuna madhara, kwa sababu mbao ipo mbele ya macho, mnunuzi huigusa, huihesabu, na ikiwa fupi huikataa papo hapo. Fundi mzuri husoma kingo zote mbili za futikamba yake, ya inchi na ya sentimita, na huvuka kutoka moja hadi nyingine pasipo kufikiri. Ardhi haiko hivyo. Ukubwa wake hauonekani kwa jicho, hauondoki ukapelekwa kwenye mizani, na ukishalipa na muuzaji akishazitumia fedha kwa karo na matibabu, hakuna wa kumrudia.

Nitakuwa mkweli pia kuhusu hati, maana wapo wanaodhani kwamba ikishaandikwa hekta shaka imekwisha. Hati zetu nyingi husema kwamba eneo ni la takriban, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yatambua kwamba mipaka iliyochorwa katika ramani ni ya makadirio mpaka ipimwe na kuthibitishwa kwa njia maalumu. Zile picha za angani na zile nyua za miaka ya nyuma bado zimo ndani ya karatasi tunazoziita taito. Kwa hiyo mita peke yake si dawa. Lakini mita ina fadhila ya kuwa ndiyo lugha ya karatasi, ya mpimaji na ya mahakama; na mtu aliyeuziwa kwa mita anaposhtaki katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iwe Meru, Chuka au Embu, hana haja ya kwanza kumwelewesha jaji ni nini alichodhani amenunua.

Ninaloliomba, basi, ni dogo na halihitaji sheria mpya. Mkataba wa kuuza kipande cha ardhi utaje urefu wa kila ubavu kwa mita, si jina la ploti. Utaje kama urefu huo umepimwa kwa kufuata udongo au kwa kulala. Utaje upana wa njia na shamba ambamo njia hiyo imekatwa. Na usomwe kwa sauti katika lugha ambayo muuzaji na mnunuzi wote huota ndoto kwayo, iwe Kimeru, Kiembu au Kiswahili, kwa kuwa mawakili wetu huandika kwa Kiingereza, na ingawa nawaheshimu kwa elimu yao siwezi kunyamaza nikiwaona wateja wao wakitia sahihi na dole gumba juu ya maneno ambayo hawakuyasikia. Walimu nao, pale wafundishapo vipimo katika shule za msingi, wawatoe watoto nje wakapime uwanja wa shule kwa hatua zao, kisha kwa kamba ya mita, wakatafute wenyewe ekari yao imepotoka kwa kiasi gani. Mtoto aliyefanya hivyo mara moja hatadanganyika akiwa mtu mzima.

Na kiko tayari kikao ambacho kingeweza kuanza jambo hili mwezi ujao. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 yataka kwamba mauzo ya ardhi ya kilimo yapate idhini ya bodi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mapatano yafanywe. Na katika bodi hizo huketi wazee, afisa wa serikali akiongoza, na familia ya muuzaji huitwa, mke na watoto waliokomaa, waulizwe kama wameridhika. Mara ngapi mama amesimama pale akasema ameridhika kuuzwa kwa hamsini kwa mia, wala hakuna aliyemwambia shamba litakalobaki ni mita ngapi kutoka kwenye migomba yake hadi kwenye ua mpya wa jirani? Kuridhika kwa mtu asiyejua kiasi hakuwezi kuitwa idhini. Mwenyekiti wa bodi amwulize muuzaji, kisha mnunuzi, kisha mama huyo, kila mmoja kwa zamu yake: mita ngapi mbele, mita ngapi ubavuni, na mita ngapi zinazobaki nyumbani, na majibu yao matatu yakitofautiana, faili irudishwe na mpimaji atumwe shambani kabla muhuri haujapigwa.